Lipidi Zinaelekea Wapi: Kilichokwisha Thibitika na Kilicho Bado Ahadi

Swali: Wataalamu, habari za kazi. Nimehitimu shahada ya kemia na ninataka kuingia kwenye utengenezaji wa bidhaa. Kila ninaposoma nakuta sayansi ya lipidi, yaani mafuta, nta na jamaa zao, inatajwa: chanjo, krimu za ngozi, siagi isiyotoka kwa ng'ombe, hata vifaa vya umeme. Nashindwa kutenganisha kilicho imara na kilicho tangazo. Miaka ijayo lipidi zitabadilisha nini kwa kweli, na anayeanza ajifunze nini?

Jibu: Nzuri, ndugu yetu, na hongera kwa kuhitimu. Lipidi zimekwisha kubadilisha tiba, hilo halina ubishi. Wakati huohuo, bidhaa nyingi mpya za lipidi unazozisoma hazitafika sokoni, au zitafika na kuondolewa. Mambo yote mawili yana chanzo kimoja.

Zamani kiwanda kilinunua mafuta kwa tani na kuuliza maswali mawili tu: yanaganda au hayagandi, na bei gani. Sasa kinachonunuliwa ni mpangilio wa molekuli. Asidi ipi ya mafuta imekaa nafasi ipi, lipidi inaganda kwa umbo gani la fuwele, na itachukua muda gani kabla oksijeni haijaiharibu. Aliyeyamudu hayo matatu ana bidhaa. Asiyeyamudu ana sampuli nzuri ya maabara ambayo baada ya miezi mitatu inatoa harufu ya rangi ya ukutani.

Anza na chembe za lipidi zinazobeba RNA (molekuli ya maagizo ya jeni), maana hapo ndipo sayansi hii imejithibitisha zaidi. Hazikuzuka mwaka 2020 na chanjo za UVIKO-19. Alec Bangham na wenzake nchini Uingereza walionyesha katikati ya miaka ya 1960 kwamba fosfolipidi (lipidi zenye kichwa cha fosfeti) zikitiwa majini hujipanga zenyewe kuwa vifuko vidogo. Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vifuko vya aina hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Onpattro, dawa ya kwanza inayotumia RNA fupi kunyamazisha jeni, ikafuata mwaka 2018. Chanjo za mRNA zilipohitajika, chombo cha kuzibeba kilikuwa kimekwisha kuandaliwa kwa miongo kadhaa.

Chembe moja ina lipidi za aina nne. Katika Onpattro, kati ya kila moli 100 za lipidi, 50 ni za lipidi inayopata chaji kwenye asidi, 38.5 ni kolesteroli, 10 ni fosfolipidi iitwayo DSPC, na 1.5 ni lipidi iliyoshikishwa mnyororo wa PEG, polima inayopenda maji. Chanjo ya Moderna ilitumia uwiano huohuo, ila lipidi yake ya kwanza ni nyingine. Hiyo ya kwanza ndiyo yenye kazi nzito. Imeundwa ili pKa ya chembe nzima, yaani pH ambapo nusu ya lipidi hizo huwa na chaji, iwe karibu na 6.5. Wakati wa kutengeneza, kwenye pH 4, inakuwa na chaji chanya na kuikamata RNA yenye chaji hasi. Kwenye damu, pH 7.4, chaji inapotea, kwa hiyo haishambulii tando za seli ovyo. Seli ikiimeza, chembe hujikuta ndani ya kifuko ambacho pH yake inashuka kuelekea 5.5. Hapo chaji inarudi, lipidi inashikamana na utando wa kifuko na kuuvuruga, na RNA inapata njia ya kutoka. Kolesteroli huziba mianya kati ya molekuli, DSPC hushikilia umbo, na PEG huzuia chembe zisigandane. PEG hiyo lazima ibanduke mwilini baadaye, la sivyo seli hazizimezi chembe.

Utengenezaji wenyewe ni mfupi kuuandika na mgumu kuufanya sawasawa. Lipidi nne huyeyushwa katika ethanoli. RNA huwekwa kwenye maji ya asidi yaliyosawazishwa, pH 4. Vimiminika hivi viwili vinakutanishwa kwa kasi ndani ya mifereji myembamba sana, kwa kawaida ujazo mmoja wa ethanoli kwa mitatu ya maji, na vinachanganyika ndani ya milisekunde. Ethanoli inapozimuliwa ghafla, lipidi hazina pa kukaa ila kujikusanya kuizunguka RNA. Kisha ethanoli inaondolewa kwa kuchuja kwenye utando, na pH inapandishwa hadi 7.4. Ukichanganya polepole, kwa mfano kwa kudondosha kwenye chupa inayokorogwa, unapata chembe za nanomita mia mbili na zaidi, kubwa kwa ndogo, badala ya zile za nanomita 60 hadi 100 unazozitaka.

Makosa mengi hayaonekani kwa macho, wala kwa vipimo vya kawaida. Naitrojeni iliyo kwenye kichwa cha lipidi yenye chaji ikioksidika, huzaa aldehidi kidogo sana, na aldehidi hizo hujibandika kwenye besi za RNA. Watafiti wa Moderna walieleza jambo hili mwaka 2021: RNA inaonekana nzima kwa urefu, lakini seli haiwezi kuisoma wala kutengeneza protini. Ndiyo maana usafi wa lipidi una thamani kuliko unavyodhaniwa. Jambo la pili ni kwamba tafiti za RNA fupi zimeonyesha asilimia moja au mbili tu ya iliyomezwa na seli ndiyo inayofanikiwa kutoka kwenye kifuko. Atakayepandisha kiwango hicho mara tano atapunguza dozi, madhara na gharama kwa pamoja, na hapa ndipo tunaamini ushindani mkubwa wa miaka ijayo utakuwa. La tatu ni ini. Chembe zikiingia kwenye damu hunasa protini iitwayo ApoE, na ini lina vipokezi vya kuivuta, kwa hiyo sehemu kubwa ya dozi huishia huko. Mwaka 2020 watafiti wa UT Southwestern huko Dallas walionyesha kwamba ukiongeza lipidi ya tano unaweza kubadilisha mwelekeo: yenye chaji chanya ya kudumu hupeleka chembe kwenye mapafu, yenye chaji hasi huzipeleka kwenye wengu. Hayo yalifanyika kwa wanyama, na kuyahamishia kwa binadamu ni kazi nyingine.

Hata kwa ini peke yake, mlango umefunguka. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia waliripoti mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa kimeng'enya cha ini aliyetibiwa kwa zana ya kuhariri jeni iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, ikibebwa na chembe za lipidi. Alipewa zaidi ya dozi moja. Kwa virusi vya kubebea jeni hilo ni gumu, kwa sababu kinga ya mwili huvikumbuka.

Sasa ngozi, ambako maneno ni mengi kuliko kazi. Tabaka la juu la ngozi lina lipidi za aina tatu kubwa: seramidi, kolesteroli na asidi huru za mafuta, zikiwa karibu sawa kwa idadi ya moli. Katika miaka ya 1990 kundi la Peter Elias huko San Francisco lilionyesha jambo ambalo watengenezaji wengi bado hawalizingatii. Ngozi iliyoharibiwa ukiipaka moja tu kati ya hizo tatu, au mbili, inachelewa kupona. Ukizipaka zote tatu kwa moli zilizo sawa, inapona kwa mwendo wake. Ukifanya moja iwe tatu dhidi ya moja na moja, inapona haraka zaidi. Kwa hiyo krimu inayojivunia seramidi bila kolesteroli wala asidi za mafuta haijafuata sayansi inayoitumia kujitangaza.

Kuitengeneza krimu ya namna hiyo kunahitaji nidhamu ya joto (nyuzi zote humu ni za Selsiasi). Seramidi nyingi huyeyuka juu ya nyuzi 80, baadhi zinapita 100. Hazitayeyuka kwenye sufuria ya nyuzi 70 ambayo inatosha kwa losheni ya kawaida. Zitaonekana zimepotea, kumbe ni punje ndogo zinazoelea. Yeyusha seramidi, kolesteroli, asidi ya steariki na alkoholi ya mafuta pamoja kwenye nyuzi 85 hadi 90 mpaka kimiminika kiwe angavu kabisa. Maji nayo yawe kwenye joto hilohilo. Ukimimina mafuta ya nyuzi 88 kwenye maji ya nyuzi 60, seramidi zinaganda pale pale kabla hazijasambaa. Saga kwa mashine ya kasi, kisha poza huku ukikoroga polepole. Pima uzito mwishoni na urudishe maji yaliyopotea kwa mvuke, maana kwenye joto hilo upotevu si mdogo, na krimu iliyopungukiwa maji inakupa majibu ya uongo ya unene na ya kihifadhi. Rekebisha pH iwe karibu na 5, kwa sababu vimeng'enya vya ngozi vinavyotengeneza seramidi hufanya kazi vizuri kwenye asidi kidogo.

Kisha subiri. Krimu inaweza kuwa laini siku ya kwanza na kuwa na chenga wiki ya sita. Weka tone chini ya hadubini yenye mwanga uliopolarishwa kila wiki. Ukiona vibapa vinavyong'aa vikikua, seramidi zinajikusanya, na dawa yake huwa ni kuongeza kolesteroli au kubadilisha mafuta ya kuyeyushia kuliko kuongeza kasi ya mashine. Kwa upande wa kusoma lebo: katika Umoja wa Ulaya na Marekani, viungo vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Kuona seramidi imetajwa mbele ya kihifadhi hakukuambii chochote kuhusu wingi wake.

Kwenye chakula, mabadiliko yalianza na kifo cha mafuta yaliyohaidrojenishwa nusunusu, yaani yaliyoongezwa haidrojeni ili yagande, ambayo huzaa mafuta ya trans. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003, Marekani ikayaondolea hadhi ya kuhesabiwa kuwa salama mwaka 2015, na Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza kikomo cha gramu 2 za mafuta ya trans kwa kila gramu 100 za mafuta yote. Pengo lililobaki ni la umbo: biskuti na mkate wa siagi vinahitaji mafuta yanayosimama. Njia moja ni kuzipanga upya asidi za mafuta kwenye gliseroli, molekuli inayoshika asidi tatu za mafuta, kwa vimeng'enya, na viwanda vinaifanya kila siku. Njia nyingine ni kuyafanya mafuta ya maji yasimame kwa kuyatia mfumo wa fuwele za nta, asilimia 2 hadi 5, bila kuongeza mafuta magumu. Inafanya kazi, ila ina masharti. Nta ikizidi, ulimi unahisi utando. Fuwele zikivunjwa na mashine ya kukanda, hazirudi kama zilivyokuwa. Ukitumia ethiliselulosi badala ya nta, lazima upashe mafuta hadi karibu nyuzi 140, joto ambalo limekwisha kuanza kuyaoksidisha mafuta uliyotaka kuyafanya kuwa ya afya zaidi.

Mfano tunaoupenda wa nafasi ya molekuli uko kwenye maziwa ya watoto. Katika maziwa ya mama, takriban asilimia 70 ya asidi ya palmitiki imekaa katikati ya gliseroli. Katika mafuta ya mawese imekaa pembeni. Kimeng'enya cha utumbo hukata za pembeni kwanza. Palmitiki iliyokatwa hukutana na kalisi na kuwa sabuni ngumu, mtoto anapata choo kigumu na kalisi inapotea. Viungo vilevile kwa uzito, nafasi tofauti, matokeo tofauti. Vimeng'enya vinavyobadilisha pembeni peke yake vimewezesha kutengeneza mafuta yanayokaribia mpangilio wa maziwa ya mama, na tayari yanauzwa.

Chokoleti nayo ni suala la fuwele. Siagi ya kakao huganda kwa maumbo sita, na ni la tano tu, linaloyeyuka karibu na nyuzi 34, linalotoa mng'aro na kuvunjika kwa mlio. Ndiyo maana huyeyushwa kwenye 45 au 50, ikapozwa hadi 27 na kupandishwa tena hadi 31 au 32. Mwaka 2021 watafiti wa Guelph nchini Kanada walionyesha kwamba kuongeza fosfolipidi iliyoshiba kwa kiasi cha asilimia 0.1 na kupoza haraka kunaweza kuleta umbo linalotakiwa bila ngazi hizo zote. Kiasi kidogo namna hiyo kuongoza kilo nzima ya fuwele kunaonyesha lipidi zilizo chache zina nguvu kiasi gani.

Siagi isiyotoka kwa mnyama ulioitaja inahitaji hesabu kabla ya shauku. Hamira inayotengeneza mafuta kutokana na sukari, hata ikifanya kazi kikamilifu, haiwezi kupita takriban gramu 0.32 za mafuta kwa gramu moja ya glukosi, na viwandani hukaa karibu 0.2. Yaani kilo tano za sukari kwa kilo moja ya mafuta, kabla ya umeme na kuchuja. Kwa mafuta ya kukaangia, hesabu hiyo haikubali. Kwa DHA, asidi ya mafuta ya omega-3, inakubali, ndiyo maana DHA ya mwani imo kwenye maziwa ya watoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Mafuta yanayotengenezwa kutokana na kaboni dayoksaidi yana asili ya zamani: Ujerumani ilitengeneza mafuta ya kula kutokana na makaa ya mawe wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Tatizo la wakati ule, minyororo yenye kaboni za idadi isiyogawanyika kwa mbili na yenye matawi, ndilo la kumuuliza anayeleta bidhaa ya leo, pamoja na umeme anaoutumia.

Kwenye umeme, kilicho imara ni mafuta ya mimea ndani ya transfoma. Yanashika moto juu ya nyuzi 300, ilhali mafuta ya madini ni karibu 170, na hushika maji mengi zaidi, hivyo karatasi ya kuhami ndani ya transfoma hukaa kavu na kuishi muda mrefu. Sharti ni transfoma iliyofungwa kabisa, kwani hewa inayopumuliwa ndani huyafanya mazito kama vanishi. Asidi za mafuta za kuhifadhi joto nazo zina nafasi: ya lauriki huyeyuka kwenye nyuzi 44 na kumeza takriban kilojuli 180 kwa kilo. Zinapitisha joto vibaya, zinakula shaba na zinawaka, kwa hiyo chombo huwa kazi kubwa kuliko lipidi yenyewe. Sabuni za kibiolojia, kama ramnolipidi, zimepata kiwanda kikubwa nchini Slovakia na tunazitarajia zienee. Mafuta ya kuendeshea ndege yanayotokana na lipidi tunayapa sentensi moja: kemia yake imekamilika tangu miaka ya 2010, malighafi haitoshi.

Lililobaki ni oksijeni, na hapa tunakuomba usome polepole. Mafuta hayachachi kwa mwendo sawa. Huwa kuna kipindi kirefu cha utulivu, kisha mteremko wa ghafla. Asidi ya linoleiki huoksidika zaidi ya mara kumi kuliko ya oleiki, na DHA ni mbaya zaidi. Kwanza huzaliwa peroksaidi, ambazo hazina harufu. Kisha peroksaidi huvunjika kuwa aldehidi, ambazo ndizo zenye harufu. Mtego uko hapa: thamani ya peroksaidi hupanda halafu hushuka. Mafuta ya samaki yenye thamani ya 2 yanaweza kuwa mapya kabisa, au yamekwisha kuharibika mpaka peroksaidi zimeisha. Ndiyo sababu hupimwa pia thamani ya anisidini, inayoonyesha aldehidi, na sekta ya omega-3 hutumia vikomo vya 5 kwa peroksaidi, 20 kwa anisidini, na 26 kwa jumla ya anisidini na peroksaidi mara mbili. Muuzaji akikuletea peroksaidi peke yake, omba na ya pili.

Chuma na shaba huharakisha uharibifu hata vikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni. Kwenye krimu au kinywaji, ambako mafuta yamekatwa kuwa matone madogo, eneo la kugusana na maji yenye metali ni kubwa mno, na kikamata metali husaidia mara nyingi kuliko kuongeza vitamini E. Vitamini E ikizidi yenyewe inaweza kuchochea. Usiamini pia kipimo cha saa chache kwenye nyuzi 110 kwamba kinatabiri miezi kumi na nane ya rafuni. Kwenye joto hilo oksijeni huyeyuka kidogo na njia za mwitikio hubadilika. Weka sampuli kwenye nyuzi 40 na nyingine kwenye joto la kawaida, gizani na kwenye mwanga, na uzipime kila mwezi.

Kuhusu ujifunze nini: gesi kromatografia ya asidi za mafuta, kipimo cha joto la kuyeyuka na kuganda, hadubini ya mwanga uliopolarishwa, na vipimo viwili vya oksidesheni. Mtu anayejua vitano hivyo kwa mikono yake atafaa kwenye kiwanda cha chokoleti na kwenye maabara ya RNA. Uchambuzi wa maelfu ya lipidi kwa spektrometa ya masi utaufuata baadaye, ukijua kwamba damu iliyoachwa mezani kabla ya kupozwa hubadilisha lipidi zake na kukupa ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Zoezi la kuanzia linahitaji mizani, kipimajoto, friji, karatasi ya chujio na hadubini. Chukua gramu 97 za mafuta ya alizeti na gramu 3 za nta ya alizeti. Pasha hadi nyuzi 90, shikilia dakika kumi mpaka pawe angavu. Gawa mara tatu: moja iachwe mezani, moja iingie kwenye maji ya barafu, moja ipozwe huku ukikoroga mpaka mwisho. Kesho yake pindua vyombo uone ipi imesimama, kisha weka gramu 10 za kila sampuli kwenye karatasi ya chujio, upime baada ya saa ishirini na nne ni mafuta kiasi gani yamevuja. Sampuli zote tatu zina viungo vilevile kwa uzito uleule, na iliyokorogwa ndiyo inayotazamiwa kuvuja zaidi, kwa kuwa mfumo wake wa fuwele ulivunjwa ukiwa unajijenga. Andika joto la kila hatua, upige picha za hadubini, kisha rudia kwa nta asilimia 1 na 5.